Mama Mlango wa Mbele, Mkwe Mlango wa Nyuma

Nyinyi mnaokwenda Dar es Salaam siku hizi mna simu inayowaambia geuka kushoto, geuka kulia, na bado mnapotea. Msikasirike, nawatania tu. Mimi nimepotea Dar kuliko yeyote kati yenu, na nilikuwa nalipwa mshahara ili nisipotee.

Kwa asiyenijua, naitwa Generoza. Nilikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya misheni huku kwetu Kasulu, mpaka mganga mkuu akagundua kwamba naweza kugombana na kondakta bila kumtukana. Akanipa kazi ambayo haikuwa na jina kwenye karatasi yoyote: kuwasindikiza wagonjwa wa rufaa wanaopelekwa Dar na ambao huko hawana ndugu. Wa Titye, wa Kibondo, mara nyingine hata wa kambi za wakimbizi, Nduta au Nyarugusu, wakiwa na vibali vyao. Nilisafiri nao, nikawatafutia pa kulala, nikawaonyesha njia ya kwenda hospitali, nikakaa nao mpaka waizoee, kisha nikarudi kuchukua wengine. Miaka kumi na tisa. Sasa magoti yamegoma, na binti aliyechukua nafasi yangu ameniomba nimwandikie ninayoyajua. Namwandikia yeye, na nyinyi wengine mchungulie.

Tuanze na kitambulisho. Barabara ya kutoka kwetu ina vizuizi, na sisi watu wa mpakani tunaulizwa zaidi ya wengine. Wazee wa wengi wetu walivuka kutoka Burundi. Mtu amezaliwa hapa, amepata uraia hapa, amezika wazazi wake hapa, na bado ataulizwa anatoka wapi. Inaudhi, lakini ndani ya basi si mahali pa kubishana, hasa ukiwa na mgonjwa. Kitambulisho kikae mfuko wa shati. Nilikuwa na mzee mmoja wa Kibondo aliyekithamini chake hata akakifungia ndani ya sanduku, sanduku akalizungushia kamba ya katani, na sanduku likawekwa kwenye buti chini ya magunia ya maharage ya watu. Tulipofika kizuizini tulishuka wote, tukashusha magunia. Mzee akakitoa, akakifuta kwa koti lake, akamkabidhi askari kwa mikono miwili huku amepiga goti. Askari alicheka mpaka akasahau kukisoma.

Safari yangu ya kwanza mimi mwenyewe sikujua lolote. Nilikuwa na mgonjwa wa macho. Nikamwambia, "Nishike mkono, usiniachie," na mimi sikuwa na wa kunishika. Wakati huo mabasi ya mikoani yaliishia Ubungo, si Mbezi kama sasa. Tulisimama pale stendi, mizigo miguuni, nikiwa nasoma vibao kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la pili. Mama mmoja aliyekuwa anapita akasikia jinsi ninavyotamka, akasimama, akasema, "Mwakeye." Yaani umeamkaje, kwa Kiha chetu. Nilitaka kulia. Huyo ndiye Leokadia, mzaliwa wa Muhinda, aliyekuwa na nyumba yenye vyumba vya kupangisha kule Kimara. Tangu siku ile wagonjwa wangu wote walilala kwake, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili. Aliniona nikimweleza mgonjwa wangu kuwa huku ni Kariakoo, kule ni Posta, na ile barabara inakwenda Mwenge. Akanikatiza.

"Wewe, mji mzima wa nini? Mfundishe njia moja. Kwenda na kurudi. Mji mwingine ataukuta akishapona."

Binti yangu unayesoma hii, mengine yote ukiyasahau, hilo libaki. Mgonjwa hana nafasi kichwani ya kuweka mji. Ana nafasi ya kuweka njia moja, na mara nyingine hata hiyo haikai.

Zamani njia moja ilifundishika kwa rangi. Daladala zilikuwa zimepakwa mstari ubavuni, kila njia na rangi yake, kwa hiyo asiyejua kusoma nilimwambia afuate rangi fulani, asipande nyingine hata aitwe mjomba. Ikaenda vizuri miaka mingi. Halafu yakaja mabasi ya mwendokasi. Mazuri, marefu, yana barabara yao wenyewe, lakini kwa mgonjwa wangu yote yalikuwa yanafanana. Rangi zangu zikafa siku moja. Ikabidi nitafute njia nyingine, nikabuni maharage.

Maharage yalikuwa hivi. Unahesabu vituo kutoka Kimara mpaka unaposhukia, unampa mgonjwa punje za idadi hiyo, anaziweka mfuko wa kulia. Basi likisimama kituo, anahamisha punje moja mfuko wa kushoto. Mfuko wa kulia ukiisha, anashuka. Nilijisifu sana kwa akili hiyo. Nilimsimulia hata mganga mkuu.

Basi kulikuwa na mkimbizi mmoja wa Kongo, Papa Bonifasi, kutoka Nyarugusu, mtu mpole, macho yake yana ukungu. Nilimpa punje zake, nikampakia, siku hiyo nikiwa na mgonjwa mwingine wa kupelekwa kwingine. Sikuangalia ni basi gani. Sasa, mwendokasi kuna linalosimama kila kituo na kuna la haraka linaloruka vituo. Nilimpakia la haraka. Likafika Kivukoni, mwisho kabisa, watu wote wakashuka. Papa Bonifasi akapapasa mfuko wa kulia, akakuta punje kumi na moja, akabaki amekaa. Kijana mmoja akamwambia, "Mzee, mwisho hapa." Akamjibu kwa utulivu, "Hapana. Maharagi ingali." Basi likageuza, likaanza kurudi, na yeye akaendelea kuhamisha punje. Saa tano simu yangu ikalia.

"Mama Generoza, maharagi yote imekwisha. Lakini hospitali iko wapi?"

Alikuwa Manzese, mbele ya duka la magodoro. Nilikwenda kumchukua nikiwa nacheka na kujilaumu kwa pamoja. Yeye hakunilaumu. Alikuwa amezitunza punje zote, akanirudishia. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kituoni ni, "Hili linasimama kila kituo?" Na niliuliza hata nilipokuwa najua jibu.

Hayo ni makosa ya kuchekesha. Sasa niwaambie lile lisilochekesha, ingawa nalo lina vichekesho vyake.

Alikuja mama mmoja wa Titye, mkulima, umri wake kama wangu. Jina lake nilikuwa nalo kwenye fomu, lakini hapa nitamwita Mama mpaka tufike mahali ambapo jina lilitajwa. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye ni Mtanzania, na mashamba yake ya maharage kule Titye mnayafahamu wengi wenu mnaopita ile barabara. Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Mungu alisaidia ikaonekana wakati bado inatibika. Alitakiwa kupata mionzi Dar, wiki tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, bila kuruka. Mganga mkuu alinikalisha chini.

"Generoza, mionzi hailimbikizwi. Akikosa leo, kesho hapewi ya siku mbili. Akikosa mara nyingi, ugonjwa unapata nafasi ya kurudi. Kazi yako ni kumfikisha. Kila siku."

Mama alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alikuwa ametoka kujifungua kwa operesheni, hawezi hata kuinua ndoo. Mtoto wa kiume alikuwa mbali, Mpanda, kwenye mashamba. Aliyejitolea kwenda kumuuguza ni mkwe wake, Yoeli, mume wa huyo binti. Fundi wa kufyatua matofali, kijana wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, anajua kusoma, ana simu. Nikafurahi. Nikaona nimepata msaidizi.

Mimi ni Muha. Nimezaliwa kwa Waha na nimeolewa kwa Waha. Na bado sikujiuliza swali ambalo hata mtoto wa kwetu angeuliza.

Kwa nyinyi ambao mmekulia mjini: huku kwetu, na kwa ndugu zetu Warundi vilevile, mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawaketi mkeka mmoja. Mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe. Hamkazii macho. Akikaribia uani kwa mama mkwe hukohoa kwanza, ili mama ajifunike vizuri au aingie ndani. Na jina lake halitaji, hata akiulizwa na polisi. Najua wengi wenu mmeacha, mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana mnaziweka kwenye simu. Sina neno. Lakini kwa mtu wa umri wa Mama yule, hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe, na ukimvua hiyo umemvua nguo.

Katika safari ya kwenda, Mama alikaa mbele na Yoeli akakaa nyuma kabisa. Mimi nikadhani ni mambo ya tiketi tu.

Siku ya kwanza ya mionzi nilitangulia hospitali alfajiri kuwashikia foleni. Nilimwachia Yoeli kadi ya basi, nikamweleza vituo, nikamwambia, "Mshike mkono Mama asianguke." Aliitikia kwa kuinamisha kichwa. Nilidhani ni utii. Kumbe alikuwa anashangaa mtu mzima kama mimi nasema nini.

Saa za asubuhi pale Kimara mnazijua. Watu wa kazini wote wanataka basi lilelile. Walisukumwa ndani pamoja, na Mama akajikuta uso wake uko kwenye kifua cha mkwe wake, hana pa kurudi nyuma. Yoeli akageuza shingo akatazama juu, akafumba macho. Basi liliposimama kituo kilichofuata, Mama akashuka. Yoeli hakumwona, kwa kuwa alikuwa amefumba macho. Akafika Kivukoni peke yake, akaja hospitali mbio, jasho linamtoka.

Karani wa mapokezi akamuuliza, "Jina la mgonjwa?"

"Ni mama wa mke wangu."

"Nimeelewa. Jina lake?"

Yoeli akatazama sakafu. "Jina analo mwenyewe."

Karani aliweka kalamu chini. Nilifika wakati huo, nikampa fomu, lakini fomu bila mgonjwa inasaidia nini? Mama tulimkuta kwa Leokadia. Alikuwa amerudi kwa miguu, viatu mkononi. Siku moja imepotea.

Nikawaka. Nawaambia ukweli kwa sababu nataka mjifunze, si kwa sababu najivunia. Nilisimama katikati ya uwanja wa Leokadia nikasema kwa sauti ambayo wapangaji wote walisikia: "Hapa ni Dar! Heshima ya Titye iacheni Titye! Kesho mtapanda, mtabanana kama watu wengine, na hakuna atakayekufa!"

Kesho yake Mama hakuamka. Nilimkuta amelala anatazama ukuta, kitenge amejifunika mpaka kichwani.

"Mama, gari linatuacha."

"Liende."

"Unajua ulichoambiwa na daktari."

Akageuka. "Generoza, umeshaona mama anasukumwa juu ya kifua cha mume wa mwanawe, mchana, mbele za watu?"

"Watu wenyewe hawakujui, Mama."

"Mimi najijua. Na yeye ananijua. Bora nikafie nyumbani nikiwa bado mama mkwe wa mtu."

Nilifungua mdomo nimjibu, naye akanishika mkono akanivuta karibu, akasema polepole, "Hajui hata naumwa wapi. Nina harufu, Generoza. Akikaa karibu ataisikia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka yote ile kazini, na nilimpigia mwanamke mwenzangu kelele uwanjani juu ya jambo ambalo hakuwa na pa kulisemea. Nilimwomba radhi, nikakaa naye kitandani. Siku ya pili nayo ikapotea.

Jioni Leokadia alikuwa anachambua mchicha. Nikamweleza yote. Hakuinua hata macho.

"Lile basi lina milango mingapi?"

"Kadhaa."

"Sasa mnagombania nini? Mama mlango wa mbele, mkwe mlango wa nyuma."

Rahisi hivyo. Lile basi refu lina kiungo katikati kinachojikunja kama kinanda cha mkono, na watu wa mbele na wa nyuma hawaonani vizuri. Ni kama nyumba yenye vyumba viwili. Mbele kuna viti vya wazee na wagonjwa, na pale Kimara basi ndipo linapoanzia, kwa hiyo ukisubiri linalofuata unakaa. Halafu nikafanya jambo lingine ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Nilimwendea muuguzi nikamwomba amhamishie Mama saa ya mionzi kutoka asubuhi na mapema hadi saa tano, watu wa kazini wakiwa wameshakwenda. Alikubali kwa dakika mbili. Kuomba ni bure, binti yangu. Omba.

Ikabaki namna ya kuambiana kushuka. Yoeli alitaka kukohoa, kama afanyavyo uani. Jaribio lilishindikana vibaya. Tangu ule ugonjwa wa corona, mtu akikohoa ndani ya basi watu wanakaa macho. Yoeli alikohoa mara moja, kwa adabu kabisa, na watu wote wa sehemu ya nyuma wakamkimbia. Alipata viti vinne peke yake. Mama huko mbele hakusikia chochote. Basi tukaamua simu, Yoeli apige ile ndogo ya Mama: ikilia mara moja, kituo kinakaribia, jiandae, ikilia mara ya pili, shuka. Wakishashuka, Yoeli alitangulia hatua kumi, Mama akafuata, na palipo na kona Yoeli alisubiri akitazama upande mwingine. Mtu wa mjini angewaona angedhani hawajuani.

Ikaenda. Siku ya tatu akafika, ya nne akafika, ya tano akafika. Wiki iliyofuata nikarudi Kasulu kuchukua wengine, na kila jioni Yoeli alinitumia ujumbe wa neno moja: "Tumefika." Hospitali ilikubali kuzifidia zile siku mbili mwishoni.

Nilirejea Dar wiki yao ya mwisho nikiwa na mzee wa Kibondo asiyeona. Mama alikuwa amekonda hata shingo imekuwa ndogo, lakini alinipokea kama mwenyeji. Alinitajia vituo vyote kwa mpangilio, Kagera, Usalama, Mapipa, Jangwani, Faya, bila kukosea, kisha akanionya nisimpakie mzee wangu basi la haraka. Nilicheka, nikafurahi sana. Nilijua anachoka, lakini zilikuwa zimebaki siku nne tu.

Siku ya nne kabla ya mwisho tulipanda basi moja. Mama mbele, Yoeli nyuma, mimi karibu na kile kiungo katikati nikiwa nimemshika mzee wangu. Tulikuwa tumepita Posta ya Zamani niliposikia kelele mbele. Mama alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti, yuko sakafuni, macho yamegeuka. Abiria wakasimama.

"Huyu mama yuko na nani?"

Nilijaribu kuinuka, mzee wangu akanishika kwa nguvu zote, hajui kuna nini. Mwanamume mmoja akapaza sauti zaidi: "Jamani, huyu mama yuko na nani?"

Nikamtazama Yoeli. Alikuwa amesimama kule nyuma, mikono yote miwili kwenye bomba.

"Yuko na mimi," akasema. Kisha akapiga kelele: "Yuko na mimi! Nipisheni!"

Alipita pale kwenye kiungo akatukanyaga mimi na mzee wangu. Akapiga magoti, akamwinua Mama, na basi liliposimama Kivukoni akamweka mgongoni kama mtu anavyobeba mtoto, akamfunga kwa kitenge chake mwenyewe Mama, akaondoka mbio. Mimi nilibaki na mtu asiyeona na fimbo yake. Tulitembea haraka tulivyoweza, na haraka yetu ilikuwa ndogo. Njia nzima nilisali.

Tulipofika kwenye ukumbi wa mapokezi nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa mbele ya karani yuleyule wa siku ya kwanza, Mama bado yuko mgongoni, na alikuwa anasema kwa sauti ya kufyatulia matofali:

"Anastazia Habonimana! Andika! Anastazia Habonimana, wa Titye, Kasulu! Anastazia!"

Watu wa foleni waligeuka kumtazama mtu mwenye kelele. Mimi peke yangu mle ndani ndiye niliyejua alichokuwa anakitoa. Nilisimama pale pale nikalia, mzee wangu ananiuliza, "Kuna nini, mwanangu, kuna nini?"

Mama alikuwa amepungukiwa maji na damu. Wakamlaza, wakamtundikia dripu, wakamwongezea damu, ambayo nusu yake Yoeli aliirudishia benki ya damu kwa mkono wake mwenyewe. Jioni nilimkuta Yoeli nje kwenye benchi, amejiinamia.

"Mama Generoza, nimemshika. Nimemtaja. Na wameniambia anaumwa nini. Yote siku moja."

"Ungemwacha pale sakafuni?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Sasa nikirudi nitatoa mbuzi wa kuomba radhi. Lakini mbuzi mmoja kwa makosa matatu, hatoshi."

Sikujua nimcheke au nimkumbatie. Lakini nilikuwa na hofu. Mama alipozinduka hakumtaja. Yoeli alipoleta uji mlangoni mwa wodi na kukohoa, Mama alivuta shuka akajifunika uso mpaka aondoke. Siku mbili hivyo. Kisha wakamruhusu kuendelea na mionzi, na zile siku zilizobaki akazimaliza zote, mbele na nyuma ya basi kama kawaida, simu ikilia mara moja, mara mbili. Hawakusemezana neno. Nikawaza kwamba nimemponya mwili na nimevunja nyumba ya binti yake.

Msiwe na wasiwasi juu ya afya yake. Yuko Titye. Kila baada ya miezi kadhaa anakwenda kupimwa, na msimu huu amenigawia maharage debe zima. Ninachotaka kuwaeleza ni safari ya kurudi.

Nilikata tiketi mimi. Mama kiti cha mbele dirishani, mimi katikati, Yoeli safu mbili nyuma yangu. Tulitoka Mbezi asubuhi. Tulipopita Kibaha Mama akasimama. Nikadhani anataka kutapika, nikatafuta mfuko. Akanipita. Alitembea kwenye ile njia ya katikati akishika viti kimoja kimoja, kwa kuwa miguu ilikuwa bado haina nguvu, mpaka nyuma. Kando ya Yoeli alikuwa amekaa kijana mmoja na spika zake masikioni.

"Baba," Mama akamwambia, "nenda kakae kwangu mbele. Ni dirishani."

Kijana hakungoja aambiwe mara mbili. Yoeli aliruka akasimama kama aliyekalia siafu. Mama akakaa.

"Kaa," akamwambia.

"Nitasimama tu, mabukwe. Nimezoea." Mabukwe ndiyo mama mkwe kwa lugha ya kwao.

"Kaa."

Yoeli akabaki amesimama. Alisimama kutoka Kibaha, kichwa kimeinama kwa sababu dari ni fupi, mpaka kondakta akaja kumfokea. "Bwana, kiti kipo, unasimama nini? Trafiki wako pale mbele, unataka tuandikiwe?" Yoeli akatazama kiti, akamtazama kondakta, akakaa kwenye ukingo, nusu ya makalio ndani, nusu njiani.

Chalinze basi liliposimama, wauzaji walikuja madirishani. Mama akanunua hindi moja la kuchoma. Akalivunja katikati kwa goti, akapuliza majivu, na nusu kubwa akaisogeza upande wa Yoeli bila kumtazama.

"Pokea," akasema. "Umenibeba. Mtu hambebi mwenziwe akabaki na njaa."

Yoeli aliinua kichwa akanitafuta kwa macho, kana kwamba mimi ndiye mwenye ruhusa ya kutoa. Mimi nikageukia dirisha langu, nikatazama minanasi ya watu. Basi likaondoka. Nilisubiri muda mrefu. Kisha, huko nyuma yangu, nikasikia anatafuna.